Koko Mmoja, Barua Kumi na Moja

Ni mimi niliyeandika zile barua.

Nimelikana jambo hili mbele ya prefe, mkuu wetu wa shule, mbele ya kamati ya burse za masomo, mbele ya dada yangu mwenyewe, na mara moja mbele ya padri ambaye aliniuliza tu kama nimeamka salama. Sasa nimeacha kazi, ningali na meno yangu yote na nusu ya macho, na kijana aliyechukua kiti changu anajua kompyuta. Sina tena cheo cha kulinda. Kwa hiyo ninyi mnaoanza kazi hii, na ninyi wanafunzi mnaodhani watu wa ofisini hawakosei, kaeni niwaeleze.

Kazi yangu, katika shule moja ya sekondari hapa Bunia, ilikuwa kuwafikisha wanafunzi wa mwaka wa sita mlangoni mwa chuo kikuu, kisha kumtafuta mtu wa kulipia mlango. Kwenye karatasi ya mshahara niliandikwa “mshauri”. Wanafunzi waliniita Madame Dosie, kwa sababu kila aliyeingia kuniambia ndoto yake nilimjibu, “Dosie yako iko wapi?” yaani faili la vyeti na karatasi zake. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na digrii ya barua na lugha, yaani fasihi, nikiamini kwamba nimekuja kuwapa watoto maono. Walichohitaji ni fotokopi.

Aliyenifundisha kazi ni Mwalimu Ferdinand, mzee wa Kilatini, ambaye aliifanya kabla yangu bila cheo wala mshahara wa ziada. Siku ya kwanza aliniambia, “Usimuulize mutoto anataka kuwa nani mbele ya kujua nani atamulipia. Ukishajua, muulize tena pole pole. Hapo njo wanaanzaka kudanganya.” Nilicheka. Baada ya mwezi mmoja nilikutana na kijana aliyetaka sana kusomea muziki, mpaka baba yake mdogo, mwenye duka la dawa, aliposogeza kiti. Ghafla kijana akawa amependa madawa tangu utotoni.

Ferdinand alinichukua pia kwenye kikao cha familia, kule Iga Barrière. Mnavijua vikao hivyo: mtoto amepata diploma ya sekondari, ukoo mzima unaitwa, kila mmoja anasimama kusema atachangia nini. Mjomba mmoja aliyefanya kazi ya dhahabu alisimama akapiga kifua. “Huyu mutoto ni wangu! Dhahabu ya kwanza yenye itatoka, ni yake!” Tukapiga makofi. Nikaandika jina lake kwenye daftari langu na kulipigia mstari mara mbili.

Njiani kurudi Ferdinand akaniuliza, “Nani alileta viti?”

“Viti gani?”

“Vile tulikalia, Madame. Havikutembea vyenyewe.”

Sikuwa nimeona. Yeye alikuwa ameona: shangazi mmoja mwenye kitambaa cha kijani, aliyeleta viti kutoka kwa jirani, akaketi chini nyuma ya mlango, asiseme neno. Ni yeye aliyelipa miaka yote mitano ya chuo, kwa kuuza maharagwe. Dhahabu ya kwanza ya mjomba hadi leo iko chini ya ardhi, inapumzika. Tangu siku ile, nikiingia kwenye kikao, siwasikilizi wasemaji. Natafuta mbebaji wa viti. Nawapa siri hii bure, nami niliipata bure.

Na dosie, hifadhini. Amani yetu ya hapa mnaijua wenyewe: ni amani ya kulala viatu vikiwa karibu na mlango. Nimeona familia iliyokimbia na godoro, redio na jogoo, ikaacha bulletini, ripoti za matokeo ya miaka sita, mezani. Shule iliyozitoa ikaungua, na binti yule akawa mtu asiyewahi kusoma. Ilituchukua muda mrefu kuwatafuta walimu wake waliotawanyika, mmoja mmoja, ili waandike upya walichokumbuka. Kwa hiyo: kopi moja nyumbani ndani ya plastiki, moja kwa shangazi wa mtaa mwingine, moja kwangu. Mara mbili tuliikimbia shule yetu. Mara zote mbili mlinzi, Papa Zakayo, alibeba kasha langu la dosie kabla ya kubeba kitanda chake. Hakuwahi kusoma hata moja ya karatasi zile. Kama kuna mtu wa kujengewa sanamu katika mji huu, naanza na yeye.

Sasa barua.

Hapa Bunia palikuwa na kamati ndogo ya wafanyabiashara na waamini waliochangia burse, yaani ada ya chuo, kwa watoto wasio na mtu. Mkubwa wake alikuwa Mzee Anselme, karani mstaafu wa posta, mtu mwembamba aliyesoma kila kitu kwa sauti, hata maandishi ya kwenye chupa. Kanuni yake ilikuwa moja: kila mwanafunzi alete barua ya mkono wake, aeleze yeye ni nani na ametoka wapi. Siku ya kikao Mzee alizisoma zote mbele ya wenzake, neno kwa neno.

Na barua zenyewe zilikuwa mbaya, jamani. Zote zilianza, “Nina heshima kubwa mno ya kuja mbele ya mamlaka yenu tukufu,” na zote zilimalizika kwa heshima ileile, na katikati hapakuwa na mtu. Mtoto aliyevuka misitu miwili na mdogo wake mgongoni aliandika kwamba anapenda maendeleo. Nikaanza kusahihisha. Kisha nikaanza kuongeza. Kisha, nitasema ukweli, nikawa naandika barua nzima, na mwanafunzi anainakili kwa mwandiko wake.

Wakati huo kulikuwa na msichana wa mwaka wa nne anayeitwa Mave. Aliingia ofisini kuomba chaki ya mwalimu wake, nikamwona anaficha daftari nyuma ya mgongo. Nikamuuliza kuna nini.

“Inanuka, Madame.”

“Inanuka nini?”

“Samaki.”

Ndipo akaniambia, macho yakiwa sakafuni. Alilelewa Tchomia, kwenye ziwa, na koko wake, yaani mama ya mama yake. Hivyo ndivyo tunavyowaita huku. Wazazi hawakuwepo tena. Koko alikausha samaki kwa moshi na kuwauza, na Mave alijifunza kusoma kando ya tanuru ile, kwa mwanga wa moto wake. Daftari zake zote zilibeba harufu. Mwalimu wa hesabu aliweza kuitoa ya Mave kati ya arobaini akiwa amefumba macho.

Nikalia. Mjihadhari na mtu wa barua na lugha anapolia: mkono wake tayari unatafuta kalamu. Mwaka uleule mmoja wa wanafunzi wangu wa mwaka wa sita hakuwa na la kuandika, nami nikampa koko. Nikaremba kidogo. Kamati ilipangusa machozi, burse ikatoka. Nikampa wa pili. Ndani ya miaka miwili koko wa Mave, bila kujua, akawa amelea wajukuu kumi na mmoja, mmoja wao kutoka Komanda, ambako kuna njia panda, malori, pikipiki na vumbi, ila hakuna hata kidimbwi cha kuogea bata.

Mzee Anselme aliniita pembeni baada ya barua ya kijana huyo wa Komanda.

“Madame, ziwa ya Komanda iko upande gani?”

“Kuna mito, Mzee.”

“Mito iko,” alisema, akaandika kitu kidogo kwenye daftari lake.

Wale kumi na mmoja walikuwa wahitaji wa kweli, na walisoma kweli. Mmoja hunipima presha inaponipanda. Yule wa Komanda hunipigia kila Krismasi na kuuliza, “Koko yetu anaendelea namna gani?” Kwao ninashukuru, kwa sababu wangeweza kuniuza, hawakuniuza. Lakini siwaandikii haya kwa ajili yao.

Baada ya swali la Komanda nilipata woga. Mwaka uliofuata nikawaambia wanafunzi wa mwaka wa sita waandike barua zao wenyewe, na nikajiona mwadilifu sana. Ulikuwa mwaka wa Mave. Alikuwa amepata pointi nzuri kuliko wote na alitaka udaktari. Chuo kilimkubali, hakuwa na mbebaji wa viti ila koko mmoja, na samaki hawawezi kulipa udaktari. Ni burse ile, au arudi Tchomia. Aliandika barua yake peke yake, hakunionyesha, akaipeleka.

Mnaona tulikofika. Mzee Anselme alisimama akasoma kuhusu nyanya wa Tchomia na tanuru lake, na mfanyabiashara mmoja wa mbao akapiga meza. “Koko amerudi! Huyu mama anazaa wajukuu kuliko sungura!” Wakacheka wote. Kisha wakakasirika, kama watu wanaotambua kwamba waliwahi kulia bure. Barua ya Mave iliwekwa kando, na mimi nikaitwa. Mave alikuwa kwenye benchi nje, chini ya dirisha lililo wazi.

“Madame,” aliuliza Mzee, “hii barua ni weye uliandika?”

“Apana.” Huo ulikuwa ukweli.

“Ulimupatia zile za zamani akopie?”

“Apana.” Ukweli tena. Nilianza kuipenda sauti yangu.

“Na zile za zamani, nani aliandika?”

“Wanafunzi wenyewe, Mzee.”

Yule wa mbao akasema, “Basi mutoto njo mwizi.” Nami nikaangalia viatu vyangu. Vilikuwa viatu vizuri, vya ngozi, nilivinunua kwa mshahara wa ushauri.

Uamuzi ulikuwa kwamba orodha itafungwa Ijumaa. Mtu akileta uthibitisho kabla ya hapo kwamba habari ni yake, sawa. Asipoleta, nafasi ya Mave itakwenda kwa anayefuata.

Nilipotoka Mave alisimama. Alikuwa amesikia yote. Mtu pekee duniani aliyewahi kumsimulia habari ya daftari zile alikuwa mimi, na msichana mwenye pointi kama zake hahitaji kuonyeshwa hesabu. Nilingoja anitukane. Nilikuwa tayari hata nimeandaa jibu.

“Haina shida, Madame,” alisema, akachukua mfuko wake akaenda.

Nimetukanwa na wazazi, na wajomba wa dhahabu, na askari wa kizuizi aliyedhani dosie zangu ni siri za serikali. Hakuna tusi lililonikaa kama “haina shida” ile.

Jumatano, kabla ya saa sita, kulitokea harufu kwenye ukumbi wa shule. Ilitangulia, ikageuza vichwa vya madarasa mawili, kisha nyuma yake akaja mama mfupi mwenye kikapu kilichofunikwa majani ya ndizi.

“Ni weye Madame Dosie?”

“Ni miye, koko.” Nilijua kabla hajasema.

“Miye niko koko ya Mave.” Akatua kikapu juu ya meza yangu, juu ya dosie zote. “Sikuje kukusumbua. Lori inarudia sasa hivi, mbele ya bariera ya askari kufungwa. Nilitaka tu kuona sura yako.”

“Sura yangu?”

“Zamani huyu mutoto alikuwa na haya. Kila fasi anaenda, anaosha mikono, anaosha daftari, mutu haoshake daftari! Nikasema, njo kusema ananikatala mie, koko yake. Kisha siku moja akakuja likizo, akaniambia, ‘Koko, niliambia Madame mambo yetu, na Madame akalia.’ Toka ile siku haoshi kitu. Hata barua yake ya burse aliandika juu ya samaki, alinisomea kwa telefone. Nilikuwa kwa mashua, nikaacha kushona nyavu.” Akanishika mikono yote miwili. Yake ilikuwa migumu kama kamba. “Sasa aksanti. Merci mingi. Burse imetoka?”

Mave hakuwa amemwambia lolote.

“Bado, koko,” nilisema. “Ijumaa.”

“Basi ukule samaki ukingoja. Ijumaa haiko mbali.” Akaenda na lori lake.

Nilikipeleka kikapu nyumbani. Dada yangu alitaka kupika, nikamkataza. Akaniuliza kama niko mgonjwa, nikasema ndiyo. Samaki wale walikaa juu ya kabati wakinitazama, na samaki mkavu, kama mnavyojua, hafungi jicho.

Alhamisi asubuhi nilikwenda kwa Mzee Anselme. Nilimkuta barazani anaisomea nchi nzima tangazo la sabuni. Nikasimama mbele yake kama mwanafunzi, nikasema: zile barua kumi na moja, ni mimi. Habari ni ya Mave. Mwizi ni mimi.

Alikunja gazeti. “Nilijua.”

“Tangu lini?”

“Tangu Komanda.”

“Na hukusema?”

“Batoto walikuwa na haja ya kweli. Nilienda kwao, mumoja mumoja, na baskeli, nikaangalia. Uongo ilikuwa yako, shida ilikuwa yao. Nikasema, wacha Madame achoke mwenyewe.” Akavua miwani. “Ila sasa, mwanangu, tuko na matatizo. Umenidanganya miaka miwili bila kukosea hata koma. Leo unakuja kuniambia, hii moja njo ya kweli. Mie nianze kukuamini wapi?”

Nikatazama gazeti lililokunjwa. Miaka yote mitano ya chuo kikuu haikunifundisha swali hilo.

Akaingia ndani, akatoka na bahasha. Barua zilikuwa humo zote, kumi na mbili. Posta haitupi kitu. Akazipanga kwenye meza na kuweka kidole juu ya mstari uleule katika kila moja ya zile kumi na moja, akasoma kwa sauti, kama kawaida yake: “‘Moshi mtamu wa mikaratusi.’ ‘Moshi mtamu wa mikaratusi.’ ‘Moshi mtamu wa mikaratusi.’ Ile ni ya nani, mikaratusi?”

“Ni yangu, Mzee. Mave hakuniambia kuni gani. Nikaona…” Nikaona ni nzuri. Ndiyo miti tunayochoma hapa mjini, na kwenye sentensi ilisikika vizuri.

“Ya Mave haina karatusi. Inasema koko anatuma watu mbali, kwa mulima, kutafuta miti migumu. Haisemi juu ya nini anafanya vile.” Akafungua dosie ya Mave, akatafuta mahali palipoandikwa namba ya mzazi au mlezi, akachukua simu yake ya vitufe na kuweka sauti ya nje. “Weye, unyamaze.”

Iliita muda mrefu. Tchomia mtandao hukamatwa ukisimama mahali fulani tu, na kila mtu anapajua pake. Hatimaye tukasikia upepo, mashua zikigongana, halafu sauti ile.

“Alo! Nani?”

“Mama, ni Anselme, wa Bunia. Niko mutu wa kununua samaki kidogo. Naambiwa yako ni mazuri, unazikausha na karatusi.”

Mashua ziligongana tena. Mzee akaisogeza simu karibu zaidi.

“Na nini?”

“Karatusi, mama. Moshi yake ni tamu, wanasema.”

“Karatusi!” Simu ilitetemeka mkononi mwa Mzee. “Weye baba, unatafuta samaki ao dawa ya kikohozi? Samaki ya karatusi, hata paka atakushitaki! Mie miaka yote natuma watu kwa mulima, wanarudi migongo inavunjika, juu ya kukimbia hiyo karatusi. Nani alikuambia ile ujinga?”

Mzee Anselme aliniangalia juu ya miwani yake. “Mutu mumoja wa masomo ya juu sana, mama.”

“Basi huyo mutu hakupikaka siku hata moja.”

“Nazani hivyo.”

Akachukua kalamu. Orodha ya kamati ilikuwa chini ya bahasha, na mstari wa tatu ulikuwa mtupu. Akaandika polepole, kwa mwandiko ule wa posta, jina lote la Mave, akakausha wino kwa pumzi.

“Lakini weye,” koko alisema, sasa kwa sauti ya chini, “hauko mununuzi wa samaki. Hiyo namba yangu iko kwa dosie ya mutoto tu. Mave iko na shida?”

“Apana, mama. Mave hana shida. Anaenda kusoma.”

Mzee alirudisha kifuniko cha kalamu. Kisha tukamsikia akiwaambia watu waliokuwa karibu naye, kwa lugha ya nyumbani, na mtu mmoja huko akapiga kelele ya furaha, na wa pili, mpaka Mzee akasogeza simu mbali.

“Baba, ungali kwa simu?” alirudi. “Yule Madame wa ofisi, unamujua?”

“Namujua.”

“Alikula samaki yangu?”

Mzee Anselme akaniangalia. Nikatikisa kichwa.

“Bado, mama.”

“Umwambie akule. Ikingoja sana inaharibika.”